Tumbo la Bwana Stoo

Mwaka ule tulipokula mahindi ya njano, niliamini kwa moyo wangu wote, na kwa akili yangu yote ya ngumbaru, kwamba Bwana Stoo alikuwa na matumbo mawili. La kulia lilikuwa la kawaida, la kutia uji kama la binadamu yeyote. La kushoto lilikuwa ghala. Humo, ilisemekana, alikuwa ameficha nusu gunia la mahindi ya kijiji, makavu, hayajapikwa, aliyoyameza punje kwa punje wakati sisi tumekwenda kwenye shamba la pamoja. Mke wangu aliniambia kwamba mtu huyo akiinama kufunga kamba za viatu, ukiwa karibu unayasikia yakiporomoka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nikauliza, mbona hayamsumbui? Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa:

"Humwoni hanywi maji? Anaogopa yasije yakaota."

Hilo la kuota ndilo lililonimaliza. Mimi ni mkulima. Mahindi na maji nayajua yanavyofanyiana.

Usinicheke kabla hujakaa na njaa. Mvua zilikuwa zimetukimbia. Kabichi zetu zilizokuwa zinasifiwa mpaka Tanga zilibaki na ukubwa wa kitunguu, na mimi mwenyewe nilipungua hata mkanda wangu ukawa unanizunguka kama nyoka anayetafuta mti wa kupanda. Chakula kilichotuweka hai kilipanda kwa lori kutoka Mombo, kona kwa kona, mpaka Lushoto, na kutoka Lushoto tukakibeba vichwani hadi kijijini kwetu, kijiji cha ujamaa kilichoko juu ambako ukungu haujui kuamka mapema. Kikishafika kiliingia stoo. Na ufunguo wa stoo ulining'inia shingoni mwa mtu mmoja, ambaye mwaka huohuo, sisi wote tukikonda, yeye alikuwa anaota tumbo.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Mwaka ule mtu aliyeshikwa na chakula cha kijiji hakufika kwa mkuu wa wilaya akiwa na meno yote. Wengine hawakufika kabisa. Bwana Stoo aliyajua hayo kuliko sisi, maana ndiye aliyekuwa akikaa mlangoni akitazama macho yetu yanavyoangalia magunia, kisha yanavyoteremka kwenye shati lake, pale kifungo kilipokuwa kimekataa kufunga.

Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alipokuwa hai alimwita Bwana Stoo, na nadhani hata malaika walipokuja kumchukua mama yule walibisha hodi kwa Bwana Stoo.

Zana zake zilikuwa mbili: pishi ya bati na ubao mwembamba kama rula. Aliijaza pishi mpaka mahindi yakasimama kilele. Akatulia. Akakutazama usoni, wewe ukaanza kumeza mate. Halafu akaupitisha ule ubao juu ya mdomo wa pishi, krrr, na kilele chote kikarudi guniani. Wanawake waliuita ule ubao wembe. Ukilalamika alikuwa na jibu lake, na jibu halikubadilika tangu tulipopata uhuru:

"Milima tunayo ya kutosha nje. Humu ndani ni tambarare."

Alimfuta mke wa mwenyekiti. Alimfuta katibu wa tawi. Nina hakika hata nabii angeshuka pale kwenye jabali la Irente na kikapu chake angefutiwa vilevile, na kuambiwa habari za milima. Watu wa namna hiyo, shibe ikiwepo, huitwa waadilifu. Ikiondoka, watu huanza kujiuliza kile kilele kinachorudi guniani kinakwenda wapi.

Na ndiye huyohuyo aliyenifundisha kusoma. Jioni, kazi ya kupima ikishaisha, aliwasha karabai, akavuta magunia matupu tukakalia, na stoo ikageuka darasa la ngumbaru, sisi watu wazima tusiojua kusoma. Mwalimu aliyepangiwa kijiji chetu alikuja mara moja, akaona mteremko, akaumwa goti mpaka leo. Basi Bwana Stoo akashika chaki. Mimi nilikuwa na tabia ya kuona herufi mbili za mwanzo na kumalizia mwenyewe. Nikiona "ka" nasema kabichi. Ilikuwa kamati, ilikuwa kazi, ilikuwa kanisa, mimi kabichi tu. Alinigonga kichwani na kipande cha chaki.

"Soma unachokiona, wewe mtu. Usisome unachokitaka."

Alitufundisha kwamba hakuna uchawi, kwamba radi haina mwenyewe, kwamba kuhara hakuletwi na jicho la jirani. Halafu mtu akipiga mluzi humo ndani alimtoa nje kwa hasira, kwa sababu mluzi huita panya. Tulimwuliza, hiyo nayo si uchawi? Akasema hapana, hiyo ni stoo.

Sasa nikueleze jinsi mtu anavyofungwa kamba bila kuguswa. Ilianza na jasho. Unaijua baridi ya kwetu, ile ya katikati ya mwaka, ukungu unapoingia mpaka ndani ya kikombe cha chai. Tulikuwa tunavaa makoti ya mitumba, ya kafa ulaya, moja juu ya jingine, na bado meno yanacheza ngoma. Bwana Stoo alifika kufungua mlango na shati moja jepesi, limelowa mgongoni, anajifuta shingo. Unamsalimu kwa Kishambaa, "Onga makeo," naye anakujibu huku matone yakimdondoka kidevuni.

Athumani, kamanda wetu wa mgambo, alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni. Alinong'ona, lakini kunong'ona kwa Athumani husikika ng'ambo ya bonde.

"Mtu anayetoka jasho asubuhi, usiku alikuwa kazini."

Kisha yakaja mabaka. Kwenye mikono yake na begani yalitokea madoa ya zambarau, makubwa, kama aliyegongwa na mpini. Leo hapa, wiki ijayo pale. Tulimwuliza amefanyaje, akasema hajui, hakumbuki kugongwa. Nani anagongwa asikumbuke? Athumani alikuwa na jibu: bega hupata alama likibebeshwa gunia gizani.

Athumani hakuwa mtu mbaya. Lazima niseme hivyo, maana habari hii inaweza kumfanya aonekane mbaya. Alikuwa na mtoto wa mwisho ambaye nywele zilianza kuwa nyekundu na miguu kuvimba, na kila aliporudi nyumbani mtoto yule alimtazama mikono kwanza kabla ya uso. Mwanamume akitazamwa hivyo na mwanawe, lazima atafute wa kumlaumu.

Lakini kilichomponza Bwana Stoo kuliko jasho na mabaka ni neno moja. Siku za shamba la pamoja tulikula mchana pamoja, ugali wa yale mahindi ya njano na mboga ya kunde, bakuli moja kwa watu kadhaa. Tulikula kama tunakimbizwa. Bwana Stoo alikula tonge, la pili, la tatu kwa shida, akashika ubavu wa kushoto, akasukuma bakuli mbele.

"Nimeshiba," akasema.

Mwaka ule neno hilo lilikuwa tusi.

"Umeshiba nini, mghoshi?" Athumani akamwuliza, akimwita mwanamume kwa Kishambaa. "Chakula ndiyo kwanza kimeletwa."

"Nimeshiba ninyi."

Watu walicheka, maana alilisema vizuri. Athumani hakucheka. Aliendelea kulitazama lile shati.

Na fungu lake la nyumbani je? Alikuwa akimpelekea Mama Zaina, mjane wa nyumba ya jirani, mwenye watoto wengi kuliko vijiko. Bakuli lilifunikwa kwa jani la mgomba likavuka ua jioni, na kijiji kizima kililiona likivuka. Hebu fikiri tulivyofikiri sisi. Wakati wa njaa, nani anagawa chakula? Mwenye kingine. Ukarimu wake ndio uliokuwa ushahidi mkubwa kuliko yote. Laiti angekuwa mchoyo, pengine tungemwacha.

Yeye hakujitetea. Ukimwuliza tumbo hilo vipi, alijibu kwamba yeye hapimi matumbo, anapima mahindi. Nilidhani ni kiburi. Nimekuja kujua kwamba hata yeye hakuwa na jibu.

Mkutano uliitishwa mbele ya stoo, mchana, na hakuna aliyechelewa. Hilo peke yake lilitisha. Mwenyekiti alianzisha wimbo wa chama kama kawaida, wimbo ukafia midomoni kwenye ubeti wa kwanza, akajikohoza, akakaa. Bwana Stoo alikuwa amekalia gunia la mahindi mlangoni, ufunguo kifuani, shati limelowa. Vijana wa mgambo walikuwa wameshika fimbo, nami niliona kwamba fimbo zenyewe ni mpya, zimekatwa asubuhi ile.

Athumani alisimama. Alisema kwa utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Alitaja jasho, mabaka, ile shibe ya shambani, bakuli la Mama Zaina. Halafu akageuka kwetu.

"Ndugu zangu, tumeimba hapa miaka yote kwamba mnyonyaji ni kupe. Mmewahi kumwangalia kupe vizuri? Miguu myembamba. Mikono myembamba. Tumbo, hilo. Sasa mtazameni huyu."

Tukamtazama. Wallahi, alikuwa kupe mtupu.

"Afungue shati!" mtu akapiga kelele.

"Asifungue, alale!" akasema mwingine. "Akandwe! Yakiwemo yatasikika!"

"Akandwe!" Sauti zikawa nyingi. Nakumbuka yangu ilikuwa miongoni mwao, na ilikuwa nzito kuliko kawaida.

Ndipo Mama Zaina alipoinuka. Mjane kusimama katikati ya wanaume kumtetea mwanamume asiye na mke, wewe unajua yatakayosemwa baadaye kisimani. Alisimama hivyo hivyo.

"Bakuli analoniletea ni lake," akasema. "Limechotwa mara tatu pembeni, mnaweza kuona alama za vidole. Wanangu wanakula mabaki yake, na yeye hali. Na ubavu huo msiuguse! Mume wangu alikuwa na wengu, ile bandama, alitoka nao huko mkongeni chini, umevimba hivyo hivyo. Mnyapara alimpiga teke pale pale. Hakuliona jua likizama. Mkimkanda huyu mtamuua hapa hapa, na mtanikuta mimi ndiye shahidi."

Watu wakayumba kidogo. Lakini mzee mmoja akasema jambo ambalo, kwa akili ya kawaida, lilikuwa sawa kabisa.

"Mama, wengu ni ugonjwa wa mbu. Wengu ni wa Muheza, ni wa mkongeni. Huyu hajawahi kulala chini ya mlima hata siku moja. Huku kwetu mbu wameshindwa na baridi. Huo wengu kaupata wapi?"

Athumani akaweka fimbo chini, akakunja mikono ya shati, akapiga hatua mbele. Viganja vyake vilikuwa vipana kama majembe.

Bwana Stoo akaanza kufungua vifungo yeye mwenyewe.

"Njoo upime, Athumani," akasema. "Lakini pima kama ninavyopima mimi. Usiongeze, usipunguze."

Shati lilipofunguka, wanawake walishika midomo. Mbavu zilihesabika. Mikono ilikuwa fito. Na upande wa kushoto, kutoka chini ya mbavu mpaka umeupita kitovu, kulikuwa na kitu kimekaa chini ya ngozi, kimekaa kama mwenye nyumba. Akajilaza juu ya gunia. Athumani akapiga goti. Akaweka kiganja.

"Kuna kitu," akasema polepole. "Kigumu. Kina ukingo kama ubao."

"Gunia hilo!" wakapiga kelele nyuma. "Kandamiza!"

Athumani alinyanyua kiganja cha pili. Kikasimama hewani. Mama Zaina alikuwa analia bila sauti. Nilitaka ashushe mkono na nilitaka asishushe, yote mawili kwa wakati mmoja.

Damu ilianza kutoka puani mwa Bwana Stoo. Hakuna aliyemgusa pua. Ilitoka tu, nyepesi, ikateremka shavuni, haikusimama. Akajipangusa, ikaja zaidi. Akainua kichwa kwa nguvu akatazama chini yake, na maneno aliyosema yalikuwa haya:

"Toeni hili gunia. Damu isiingie kwenye chakula."

Athumani alirudi nyuma kama aliyeungua. Mwenyekiti ndiye aliyepata ulimi kwanza, akapiga kelele: "Machela! Leteni machela!" Na wale wale waliokuwa wamekata fimbo za kumpiga wakazifunga kwa kamba na blanketi, zikawa machela.

Tulimbeba wanne, Athumani mbele, mimi nyuma kushoto. Nilijipanga vizuri, nikavuta pumzi, nikainua kwa nguvu za kuinua mtu na nusu gunia. Karibu nimrushe angani. Alikuwa mwepesi kama tenga lisilo na kitu. Tulitazamana wote wanne. Unadhani niliachana na imani yangu? Hata. Nilijiambia moyoni: yamekauka, ndiyo maana.

Njia ya kushuka Lushoto ilikuwa tope la ukungu, inateleza kama sabuni. Kitambaa alichoshikilia puani kilikuwa kimeloa, tukampa kingine, nacho kikaloa. Kila tulipoteleza alishika kingo za machela, nasi tukasimama kusikiliza kama anapumua. Mara moja nilidhani amekwenda. Athumani akaita, "Bwana Stoo! Bwana Stoo!" kwa sauti ya mtoto.

"Nipo," akajibu kutoka ndani ya blanketi. "Msinimwage tu. Pishi ikimwagika njiani haipimiki tena."

Hospitalini walimlaza, wakamtoboa mfupa wa kifua kwa sindano ambayo nikikuambia urefu wake utasema natia chumvi, kwa hiyo nasema ilikuwa ndefu kama mwichi. Walivuta. Hakikutoka kitu. Wakatoboa kiunoni, wakavuta, hakikutoka kitu. Mganga wa hospitali akatoka akifuta mikono, akatuambia mfupa ni mkavu, huo ni ugonjwa wa damu, na kama tunampenda tutoe damu sasa hivi. Kama tunampenda! Tulitazama sakafu.

Damu yangu haikupatana na yake. Ya Athumani ilipatana. Kamanda wa mgambo, mtu aliyekuwa anatisha hadi mbwa, aliiona sindano akaanguka chali na kuvunja kigoda. Walimwinua, wakamtoa damu amefumba macho. Jioni, chupa ikining'inia juu ya kitanda, Bwana Stoo alimwita kwa kidole.

"Athumani. Siku zote ulisema mimi ni kupe. Leo ndiyo nimekunywa kweli."

Athumani alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu, na mimi sikumfuata.

Kijijini Mwenyekiti alifungua stoo mbele ya watu wote na mahindi yakapimwa upya. Yalikuwa kamili. Chakula hakikuwa kimeibiwa, kilikuwa kidogo tu, na njaa ndiyo iliyokuwa kubwa. Bwana Stoo aliporudi, Athumani alimvika ufunguo shingoni kwa mikono yake. Siku iliyofuata Athumani alikuja kwenye foleni na kikapu, Bwana Stoo akajaza pishi, kilele kikasimama, akamtazama usoni. Foleni nzima ilisubiri. Krrr. Akamfuta kama kawaida.

Nami? Nilisema mahindi yaliyomo tumboni ni ya mwaka uliotangulia. Uvumi ukishaukalisha kwenye kiti chako kizuri, kuuinua ni kazi.

Alikaa stoo miaka mingine kadhaa, akienda hospitali na kurudi, na nikapata cheti changu cha ngumbaru mbele ya yale yale magunia. Tumbo halikushuka. Lilikua. Siku alizokuwa na nguvu alitufundisha hesabu za kugawanya, siku asizokuwa nazo alikaa mlangoni na kutuacha tufundishane makosa yetu. Daktari mmoja alitaka kuutoa ule wengu kwa kisu. Bwana Stoo alikataa. Sababu aliyotoa ni kwamba hajawahi kuruhusu kitu kutoka stoo bila kujua kimeingiaje.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa katika ile miaka ya kutafuta sabuni kama unatafuta dhahabu. Alikuwa amelazwa Lushoto. Nilimpelekea matunda, plamsi za kwetu, maana ulikuwa msimu wake. Nilipoingia sikumtambua mpaka alipofumbua macho. Alikuwa amebaki macho, pua, na ule mlima chini ya shuka.

"Shikamoo, Bwana Stoo."

"Marahaba, Kabichi." Hivyo ndivyo alivyoniita tangu darasani. "Umeleta plamsi. Nitakula moja, nyingine nitazitazama."

Chumba cha pili Athumani alikuwa amelala, mkono umenyooshwa, anatoa damu. Miaka yote hiyo hakuacha kuja, na miaka yote hiyo alifumba macho. Lakini safari hii, nesi alininong'oneza mlangoni, damu wanayomtia inakaa siku chache tu, halafu anarudi palepale. Waliongeza, ikaisha. Waliongeza, ikaisha. Nilielewa ninachoambiwa.

Daktari aliingia, binti mdogo, wa kwetu huku milimani, ametoka masomoni hivi karibuni. Alinisalimu kwa adabu, shikamoo, nikaitika. Bwana Stoo akamwambia, "Mweleze huyu. Ni mwanafunzi wangu. Atajifanya anaelewa, lakini wewe mweleze."

Akavuta kigoda.

"Baba, ukijikata, damu inaganda, sivyo? Katika damu mna chembe ndogo sana, kazi yake ni kwenda kuziba pale. Zikishaziba, zinamwaga kitu fulani kinachoziita nyama za jirani: njooni mjenge, hapa pamepasuka. Nyama zinajenga, kovu linafunga, kazi imekwisha. Ni kitu kizuri. Bila hicho kidonda hakiponi."

"Nimekupata."

"Chembe hizo huzaliwa ndani ya mfupa, kwenye uboho. Zina mama zao humo, wakubwa sana. Kwa mzee, hao mama wamezidi na wameharibika. Wanamwaga kile kitu palepale ndani ya mfupa, ambapo hapakupasuka chochote. Nyama zinaitika. Zinajenga. Hakuna kidonda, zinajenga tu, nyuzi juu ya nyuzi, kovu juu ya kovu, mpaka uboho unakosa pa kukaa."

"Ndiyo maana ile sindano ilitoka kavu."

"Ndiyo. Kovu halivutiki kwa sindano. Mfupa haukuwa mtupu, baba. Ulikuwa umejaa."

Nikamwuliza kama wana hakika. Hakujifanya. Alisema hicho kitu kimejulikana juzijuzi tu, na kwamba ndicho kinachojenga kovu la mfupani ni jambo ambalo wataalamu wengi sasa wanalidhani, wala hawajamaliza kulichunguza. Dawa ya kukizuia haipo, hapa wala Ulaya.

"Na damu yake inatengenezwa wapi, kama nyumba imejaa matofali?"

"Inahangaika; mabaka na jasho lake vinatoka hapo. Nyingi imekimbilia kwenye wengu, ndiyo maana umekuwa mkubwa hivi."

Bwana Stoo alicheka kwa pumzi, bila sauti. "Unasikia, Kabichi? Hata damu yangu imehamishiwa kijiji kipya. Na huko nako ilikopelekwa, maji hayajafika, barabara hakuna."

Tulicheka mpaka daktari akageuza uso dirishani. Bwana Stoo akachoka, akafumba macho, mkono juu ya ubavu. Alipumua kwa vipande. Nikamtazama, na sijui kilichonisukuma, pengine ni ile kuona kwamba sitapata nafasi nyingine ya kuuliza.

"Daktari," nikasema, "na mahindi?"

"Mahindi gani?"

Bwana Stoo akasema bila kufumbua macho, "Mjibu tu. Ameyabeba miaka mingi."

Nikamweleza yote: mwaka wa mahindi ya njano, tumbo la kushoto, ile shibe yake ya shambani, maji, kuota. Nilitegemea atacheka, nami nilikuwa tayari kucheka pamoja naye. Hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya shuka, taratibu sana, akanionyesha kitu kile kinapoanzia na kinapoishia, na jinsi kilivyojaza nafasi yote ya upande ule.

"Hakukuwa na mahindi, baba," akasema. "Wengu ulilibana tumbo lake mpaka likabaki kama ngumi. Matonge mawili matatu, limejaa, na mwili bado unadai. Mwaka ule, katika kijiji chenu kizima, yeye ndiye aliyekuwa na njaa kuliko wote."